Siku Wanza Alipogawa Kompyuta ya Mwethya

Watu wa soko la Kathiani walimjua Wanza kwa mlio kabla ya kumjua kwa sura. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika cha kahawa, na ukipita chini ya dirisha la ofisi yake ungedhani ndani kunanyesha mvua ya mawe. Kahawa ilipoanguka bei, chama nacho kikaanguka, ofisi ikapigwa kufuli, na Wanza akarudi nyumbani na barua ya kumshukuru. Barua hiyo, ajabu ya mambo, aliipiga taipu yeye mwenyewe.

Akalima. Alilima vizuri, hakuna aliyemlaumu, lakini moyo haukuwa shambani. Mtu akinyang'anywa kazi anayoijua, hata akishiba hashibi.

Ndiyo maana mwethya wao ulipopata akiba kidogo, Wanza alikuwa wa kwanza kusimama. Mwethya ni kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanabeba mawe ya msingi kwa yule, na nyimbo juu. Wenzake walitaka mbuzi. Yeye akataka kompyuta.

"Kompyuta inakula nini?" mmoja akauliza, na wote wakacheka.

Wanza hakucheka. Aliongea mpaka jasho likamtoka: barua zitapigwa hapahapa badala ya kupelekwa Machakos mjini, wasichana waliomaliza shule watafundishwa, na kikundi kitapata chake. Mwishowe wakakubali, nusu kwa kushawishika na nusu kwa kuchoka kumsikiliza. Ikanunuliwa mashine kuukuu kutoka Nairobi, ikawekwa kwenye chumba cha kupanga pale sokoni, ukuta mmoja na mashine ya kusaga unga ya Kitheka. Kitheka akiwasha mota yake, taa za jirani zilikonyeza na kompyuta ikazimika. Hilo halikumsumbua Wanza. Alikuwa akimsikia Kitheka anakohoa karibu na swichi, naye anahifadhi kazi yake upesi, anangoja.

Kilichomsumbua ni virusi. Wateja walikuja na disketi zilizozurura kila saiba ya mjini, yale maduka ya intaneti, na kila disketi ilikuja na ugonjwa wake. Windows ikiugua, aliitwa Henry, fundi kutoka Machakos mjini, kijana mpole mwenye dawa moja tu: kufuta kila kitu na kuanza upya. Kompyuta ilipona, naam, lakini ilipona kama mtu aliyepoteza kumbukumbu. Zikapotea kadi za harusi, ikapotea historia ya marehemu siku moja kabla ya mazishi, na familia ile ikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Baada ya mara ya tatu, mwenyekiti wao Kaluki akaitisha mkutano. Kaluki alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mchache wa maneno, na bado alibeba mawe ya matuta kuwashinda wasichana.

"Hii kitu inasahau," alisema. "Mimi sitaki mali ya kikundi ya kusahau. Henry amesema atanunua. Tuuze, tununue tangi ya maji."

Hakuna aliyepinga, na kwa kweli tangi lilihitajika. Wanza alihisi ofisi inafungwa mara ya pili. Safari hii hata barua ya shukrani hapangekuwa na pa kuipigia. Akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba nafasi moja tu," akasema. "Niko na kitu imetoka posta."

Akatoa kwenye kiondo bahasha ya CD. Alikuwa amesikia habari zake saiba mjini, akaziomba kwa kuandika sanduku lake la posta kwenye mtandao, na baada ya wiki nyingi zikaja, kutoka ng'ambo, bila kulipa hata stempu. Ilikuwa Linux, akaeleza, namna nyingine ya kuendesha kompyuta, ambayo virusi vya disketi zile haviiwezi. Lakini Windows isingeondolewa, maana wasichana walilipa kufundishwa Windows, na maofisini ndiyo inayoulizwa. Angeweka zote mbili kwenye mashine ileile. Moja ikiugua, angewasha nyingine na kuzikuta kazi za watu mahali pake.

"Ni pesa ngapi?" Kaluki akauliza.

"Ni ya bure."

"Aiya! Rahisi ni ghali, na wewe unatuletea ya bure?"

"Mama, wanaoitengeneza ni watu wengi, kila mtu huko kwao. Huyu anaandika kipande, yule anarekebisha. Ikikamilika kila mtu anatumia."

Kamanthe, mama mnene mcheshi ambaye binti yake alikuwa aolewe wiki iliyofuata, akasema, "Sasa hiyo si ni mwethya?"

Wakaangaliana. Hata Kaluki alionekana kulitafuna neno hilo kidogo kabla ya kulimeza. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," akasema.

"Hawakai kama hakuna ua katikati, Mwenyekiti. Mimi nitajenga ua. Halafu anatoka mmoja, mwingine anabaki amelala."

Kaluki akakubali, lakini kwa masharti. Mali ya kikundi haiguswi na mtu mmoja, kwa hiyo kazi ingefanywa Jumamosi mchana mbele ya wote. Siku hiyohiyo Henry angekuja kuchukua mashine. Ikipotea hata barua moja ya mteja, angeondoka nayo. Wanza akasema sawa.

Jumamosi soko lilijaa. Ndani ya chumba akina mama walibanana, wengine wakasimama mlangoni na mbogamboga zao. Kaluki akaomba. Alimkumbusha Mungu kwamba ndiye aliyegawa Bahari ya Shamu, na kugawa kisanduku hiki kusingemshinda. Wote wakaitika amina, na Wanza akaitika kuliko wote.

Siku mbili za nyuma alikuwa ameiacha kompyuta ipange upya vitu vyake, maana huwezi kujenga ukuta katikati ya ghala kama magunia yametawanyika. Sasa akaingiza CD. Akasoma kila swali linalotokea, akalitafsiri kwa sauti, mama wakaguna kukubali kama vile wameulizwa wao. Kitheka alikuwa ameahidi kutosaga mpaka aambiwe. Hatimaye likaja swali la kuipunguza sehemu ya Windows ili mgeni apate mahali. Wanza akapumua, akabonyeza. Mstari wa rangi ukaanza kujaa pole pole kwenye skrini, ukafika karibu na nusu, ukasimama.

Hapo ndipo Henry alipoingia na katoni tupu na kamba. Akatazama skrini, uso ukambadilika.

"Mama, hapo umefika pabaya," akasema, na hakuwa akimtisha. "Sasa hivi inahamisha vitu. Stima ikikatika hata kidogo tu, hakuna mtu wa kurudisha hizo kazi. Hata mimi siwezi."

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea. Ni kungoja tu."

Wakangoja. Mstari haukusogea. Kisha Kitheka akachungulia mlangoni, mweupe wa unga toka kichwani hadi viatuni, akikunja kofia yake mikononi.

"Wanza, nisamehe. Mkokoteni wa magunia unapanda hapo chini, ni wa shule, wapishi wanangoja unga. Nikikataa watapeleka kwingine na sitawaona tena. Ukifika tu, nawasha."

Wanza angemwambia nini? Mtu hazuiwi riziki yake. Betri ya akiba ambayo ingeshikilia stima ilikufa zamani, na mashine haikuwa na pa kukimbilia. Aliutazama ule mstari, akaona kadi za binti wa Kamanthe, barua za watu, na kiti chake mwenyewe, vyote vinaning'inia kwenye swichi ya Kitheka.

Kaluki akasimama.

"Kitheka," akauliza, "kwako nani anasaga kwanza?"

"Aliyetangulia kwa foleni, Mama. Wewe unajua."

"Na kwa foleni saa hii kuna nani?"

"Hakuna mtu bado."

Kaluki akawageukia wenzake. "Mnasikia? Nendeni mchukue mahindi."

"Lakini Mwenyekiti," mmoja akasema, "si ulisema tunauza hii kitu?"

"Kuuza ni maneno ya baadaye. Saa hii ni kazi ya mwethya, na mwethya ukianza hauachwi njiani. Hamjaenda?"

Walitoka kama waliosikia moto. Aliyekuwa na kibanda cha nafaka akabeba debe zima, mwingine akaomba kwa jirani sufuria, mwingine alikimbia na mahindi ya kumwagia kuku, kwenye kona ya leso. Mkokoteni ulipofika juu, mwenyewe akihema, alikuta foleni ya akina mama imejipanga kutoka mlangoni mwa Kitheka mpaka barabarani. Wa kwanza kabisa alikuwa Kamanthe.

Kitheka, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa na biashara, akanyoosha mkono kwenye swichi. "Haya, mimina."

"Ngoja kwanza," akasema Kamanthe, akajikalisha juu ya kigoda palepale kwenye mdomo wa mashine, akaweka ungo mapajani. "Hii ina mawe."

Akaanza kuchambua. Alichukua punje moja, akaigeuza, akaitazama kwa jua, akaipuliza, akaiweka kando kwa heshima. Akachukua nyingine.

"Mama, kwani utamaliza lini?"

"Unataka mawe yakuharibie mashine? Mimi nakufikiria wewe."

Mwenye mkokoteni akapiga kelele. Akina mama nyuma wakamjibu kwa wimbo, ule wa kubebea mawe ya matuta, taratibu, wakipiga makofi. Kitheka alishika kiuno, akaangalia juu, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa akicheka. Akavuta gunia, akakaa.

Upande wa pili wa ukuta Wanza alibaki na Henry na Kaluki. Wimbo ulipita ukutani, na Wanza aliushika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima. Kamanthe alikuwa amefika karibu na chini ya ungo wakati mstari uliposogea kidogo, ukasogea tena, ukakimbia mpaka mwisho.

"Imepita," Henry akasema polepole. "Imepita, Mama!"

Wanza hakupiga kelele bado. Akajibu maswali yaliyobaki, CD ikanguruma, ikanguruma, mpaka ikatoka yenyewe kama ulimi. Mashine ikazimika na kuwaka upya. Na hapo, kwenye skrini nyeusi, yakajitokeza majina mawili, moja chini ya lingine, yakingoja kuchaguliwa.

"Onyesha," akasema Kaluki.

Akachagua Windows kwanza, ambaye ni mwenyeji. Barua zilikuwapo zote, moja moja wakazifungua. Akazima, akawasha, akachagua Linux. Rangi zikaja nyingine, za udongo, na Wanza akaingia kwa mgeni, akaenda mpaka kwenye ua, akatazama upande wa pili. Kadi ya harusi ya binti wa Kamanthe ikafunguka, na maua yake yote pembeni. Akaichapisha, printa ikalia kwa madaha, na karatasi ikatoka.

Wanza akaenda mwenyewe mlangoni na ile karatasi, akaiinua juu.

"Kitheka!" akaita. "Saga!"

Kamanthe akamwaga mahindi yake kwa mpigo mmoja, mawe na yasiyo mawe. Mota ikanguruma, kompyuta ikazimika kama kawaida yake, na hakuna mtu aliyeshtuka. Akina mama wakafurika chumbani na unga kwenye nywele. Kitheka alisaga siku hiyo kuliko Jumamosi yoyote anayoikumbuka, maana foleni ile yote ilikuwa foleni ya kweli, na mwenye mkokoteni alibembelezwa kwa chai akasamehe.

Henry bado alikuwa amesimama na katoni yake. Alitazama kompyuta, akamtazama mwenyekiti.

"Sasa, Mama, napakia ama?"

Kaluki akajifuta mikono kwenye leso, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Henry, mwanangu, wewe ulikuja kununua kompyuta moja. Hiyo moja haiko tena. Saa hii tuko na mbili, na hatuuzi hata moja."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka kwa wachinjaji. Wanza, ambaye hakudondosha chozi siku ofisi ya kahawa ilipofungwa, alilia palepale mbele ya wateja, kwa sauti, wala hakuona haya. Kisha akajipangusa kwa kiganja, akavuta kiti, akauliza nani alikuwa na barua ya kupigwa.