Jiko la Sahani Moja

Mwanamume akioa husema amepata jiko. Mama Pasi alikuwa jiko la mtu kwa miaka kumi na tisa, kisha mtu yule akapata jiko jingine, na yeye akaambiwa afungashe kabla mgeni hajaingia. Hakupewa hata sufuria. Aliondoka na nguo zake na kazi yake ya kupiga pasi kwa dobi, kazi iliyompa jina.

Alipata chumba kwenye nyumba ya vyumba sita. Jikoni kwake palikuwa pembe nyuma ya mlango: kibao kimoja ukutani, soketi moja juu yake, dirisha la kupitisha mkono. Mwenye nyumba, mjane asiyependa maneno mengi, alimpa ufunguo na sharti.

"Mkaa sitaki, moshi unaharibu rangi. Pikia umeme. Lakini jiko lako likizima umeme wa nyumba hii, unahama. Kabla yako amehama mmoja."

Kwa hiyo hakwenda dukani kutafuta jiko zuri. Alikwenda kutafuta jiko ambalo halitamhamisha.

Muuzaji alimtolea la sahani mbili, linang'aa kama jino la dhahabu. "Hili, mama, chai huku, maharage huku. Maelezo haya hapa, soma mwenyewe."

"Kusoma sijui. Waya najua."

Akaupitisha waya kati ya vidole. Ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Kwa dobi waya wa namna hiyo hupata moto, ukaanza kunuka kabla shati la kumi halijaisha. Akashika nyaya za majiko yote, akayageuza matumbo juu, kisha akayasimamisha na kuweka juu yake sufuria aliyoinunua asubuhi ile, aone kama inakaa sawasawa. Mwisho akachukua la sahani moja: dogo, la chuma kizito, waya mnene, sura kama ya mtu aliyenuna.

"Hilo la mtu mmoja, mama."

"Kwani wewe unaona wangapi hapa?"

Alilitunza kama pasi. Hakuliweka karibu na pazia, hakuchomeka kitu kingine pamoja nalo. Likimaliza kazi alilichomoa, akaliacha lipoe, akalifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha akapaka sahani tone la mafuta isishike kutu. Uji ukifurika, hakuparamia kusugua. Alisubiri. Kusubiri alikujua, alikuwa amekufanyia mazoezi miaka kumi na tisa, mahali pasipostahili.

Mwezi wa nne tangu ahamie, Jumapili mchana, akaja wifi yake, dada wa yule mume. Ndiye aliyembebea mzigo hadi barabarani siku ya kufukuzwa, akiimba taratibu.

"Kaka amenituma. Lile jiko jipya limemshinda, limeondoka na kabati la vyombo. Anasema urudi, yaishe."

"Yaishe yapi?"

"Usiweke kinyongo, wifi. Mtu mzima haishi ndani ya sanduku kama hili."

Mama Pasi aliepua maharage, akatoka kuanua nguo asije akasema neno. Hasira zikamsahaulisha kuzima jiko. Wifi, akitaka aonekane mwema, akaona sahani ina madoa. Na sahani ikiwa chafu huoshwa. Akaimwagia kikombe kizima cha maji.

Jiko lilipiga pa, na nyumba nzima ikanyamaza, redio ya jirani na friji ya mwenye nyumba pamoja. Mwenye nyumba alifika mlangoni kabla mvuke haujaisha, Mama Pasi nyuma yake na nguo mikononi.

"Mama Pasi. Nilikwambia siku ya kwanza."

"Uliniambia."

"Basi fungasha, wifi," wifi alisema. "Nitakusaidia kubeba."

"Ulishanisaidia mara moja." Akamgeukia mwenye nyumba. "Kosa langu ni kutolizima, mama. Lakini jiko si bovu, limemwagiwa maji tu. Nipe mpaka jioni. Likikata umeme tena, natoka kabla hujasema."

Mwenye nyumba alikitazama kikombe mkononi mwa wifi. "Mpaka jioni," alisema, akaenda kuzima soketi ya chumba kile na kuinua swichi kuu.

Mama Pasi alichomoa waya, akafungua skrubu nne kwa ncha ya kisu, akaligeuza, akalianika juani tumbo wazi, kama wanavyoanika kwa dobi pasi iliyoanguka kwenye ndoo. Hakulipuliza, hakuligusa. Wifi aliketi kwenye ngazi akingoja mzigo wa kubeba.

Jua lilipopungua, alifunga skrubu; mwenye nyumba akarudi, akawasha soketi, na yeye akachomeka mbele yao wote wawili. Sahani ilikaa kimya. Kisha ikaanza kunuka mafuta, na upande wa pili wa ukuta redio ya jirani iliendelea kusema.

"Endelea kupika," mwenye nyumba alisema, akaenda zake.

Wifi akajitanda mtandio. "Sasa kaka nimwambie nini?"

"Mwambie nimepata jiko."

Akateleka maji ya kikombe kimoja.