Kikokotoo na Fisi wa Nyamwaga

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nafundisha hesabu katika sekondari moja ya Tarime. Mwalimu mgeni aliyemaliza mkataba aliniachia kikokotoo cha ajabu: unakipangia amri zako mara moja, chenyewe kinazikumbuka. Mwisho wa muhula nikakipangia kutafuta wastani wa kila mwanafunzi. Mwalimu wa jiografia, mwenyeji wa Nyamwaga, alinisomea alama, mimi nikabonyeza. Mpaka jioni hatukuwa tumemaliza hata darasa moja.

"Kifaa hiki kizito," nilimwambia. "Amri zimekizidi. Nitazipunguza."

Jumamosi na Jumapili nilijifungia ndani nikifuta amri hii na ile, na kila niliyoifuta nilijiona shujaa. Mke wangu aliniita chakula mpaka akachoka, ugali wangu akawapa kuku.

Jumatatu kikokotoo kiliruka kweli. Mwanafunzi wa kwanza alipata wastani wa hamsini. Wa pili, mia na kitu. Wa mwisho, kijana aliyelala darasani muhula mzima, alipata elfu mbili na ushee.

"Huyu apelekwe chuo kikuu leo hii!" alisema mwalimu wa jiografia.

Kumbe nilikuwa nimefuta amri ya kusafisha kumbukumbu, kwa hiyo alama za kila mtoto zilirundikana juu ya za mwenzake. Nikarudisha amri zote. Safari hii niliazima saa ya mwalimu wa upishi, mama wa Tanga aliyekuwa akisahihisha pembeni, nione muda unapotelea wapi.

"Kiingereza, sitini," mwalimu wa jiografia alianza. "Mama yake huyu ni binti wa shangazi yangu. Ndiye aliyemfukuza fisi kwa mwiko! Sasa yule fisi, badala ya kukimbilia porini..."

Kikokotoo kilimaliza hesabu kabla sijapepesa macho. Fisi alitufikisha saa ya chai.

"Mwalimu," alisema mama wa Tanga, "mashine haina kosa. Fisi ndiye anayetuchelewesha."

Tukabadilishana. Yeye akasoma, mwalimu wa jiografia akabonyeza, na kwa jinsi alivyoogopa kuharibu mashine hata kupumua alisahau. Saa sita mchana kazi ilikwisha, tukakaa tumekunja mikono, tunajisifu.

Mkuu wa shule akachungulia dirishani. "Mmemaliza? Vizuri sana. Majembe yako stoo, mahindi ya shule yamezidiwa na magugu."

Tulipalilia mpaka jua likazama. Muhula uliofuata mama wa Tanga alisoma alama taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba, na hakuna aliyemharakisha.