Kipa wa Wafini Mwenye Jezi ya Waswidi

Kuna watu hapa Hyattsville, Marekani, wakinikuta dukani wananyoosha mikono juu na kupiga vigelegele, halafu wanacheka mpaka wanashikilia toroli za wenzao, na kila mkiniuliza wanacheka nini nawajibu ni mambo ya kwaya. Si mambo ya kwaya. Ni aibu, aibu yenyewe ya kutafuta shimo ujifukie, na leo nimeona niisimulie mwenyewe kwa sababu Mama Neema wa kwaya yetu akiisimulia yeye anaongeza chumvi, na Mungu anajua haihitaji hata punje.

Mnajua kazi yangu ni kumhudumia mzee wa Kifini, mzee Pekka, kule Lanham. Namwandalia chai, namsaidia kuingia na kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, namkumbusha dawa. Wafini jamani hawaongei! Mwezi wangu wa kwanza nilidhani amenichukia, maana tangu asubuhi hadi mchana neno lililomtoka lilikuwa "sukari" basi. Mpaka siku niliyouliza ile fimbo ya plastiki iliyoning'inizwa ukutani ni ya nini, mzee akafunguka kama bomba lililokatika.

Ni fimbo ya floboli. Floboli ni mpira wa ndani, unachezwa sakafuni kwa fimbo nyepesi na kimpira cha plastiki chenye matundu, na kule kwao watoto wanaucheza shuleni kama sisi tulivyocheza mpira wa makaratasi. Jirani zao Waswidi nao wanaupenda hivyo hivyo, na hapo ndipo penye utamu, maana Wafini na Waswidi wanataniana kama sisi Watanzania na Wakenya tunavyotaniana nani anajua Kiswahili na nani anajua kupika chai. Kila mwaka wale wanaoishi huku wanakutana kwenye ukumbi mmoja wa michezo kule Fairfax, Wafini upande huu, Waswidi ule, wanacheza mechi moja ya kirafiki ambayo urafiki wake unaanza ikishaisha.

Mzee Pekka alikuwa kipa wa Wafini kabla miguu haijamsaliti. Sasa binti yake alikuwa amemwita arudi Ufini moja kwa moja, na tiketi ilikuwa ya wiki inayofuata. Na Waswidi walikuwa wameshinda miaka mfululizo mpaka wenyewe wameanza kuona haya. Mzee akaniambia, "Nataka kuwaona vijana wangu wakiwafunga mara moja, halafu nitapanda ndege." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Basi wiki ya mechi mke wa kipa wao akajifungua, kipa akabaki hospitalini. Nahodha, anaitwa Antti, akaja kwa mzee, akakaa kimya, mzee naye kimya, mimi katikati na birika nimechanganyikiwa niseme nini. Mara mzee akaninyooshea kijiko.

"Huyu hapa."

Mimi! Kisa ni kwamba pale sebuleni tulikuwa na mchezo wetu, yeye anapiga kimpira akiwa kwenye kiti, mimi nimepiga magoti mbele ya sofa nazuia (kipa wa floboli hashiki fimbo, anacheza kwa magoti na mikono, kichwani kofia yenye wavu, na suruali imejazwa sponji kama godoro). Antti akaniangalia. "Unajua mchezo unavyokwenda?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema "nieleze". Kuuliza ni bure. Lakini mimi nikiona mlango umefunguka kidogo tayari nimeshajiona ndani nimekaa, na sekunde ile nilikuwa nimeshafika Helsinki kule Ufini, uwanja umejaa, watangazaji wanahangaika kulitamka jina langu. Nikasema, "Najua."

Nilichokuwa najua ni kuzuia mpira. Basi.

Nikatangaza kwenye kundi letu la simu kwamba mimi Eliya nacheza mechi ya kimataifa. Akaja Kamau, Mkenya ninayepanga naye, akaja Mama Neema na nusu ya kwaya, na sufuria la pilau ambalo lilibebwa na watu wawili. Ukumbini Wafini na Waswidi walikuwa wameketi wamepoa kama wanasubiri daktari, sisi tukaingia tunasalimiana kwa sauti.

Mchezo ulinichanganya tangu mwanzo. Wachezaji wanaingia na kutoka bila kumuuliza refa, kama watu jikoni kwenye msiba, ukigeuka aliyekuwa mbele yako si yule. Lakini mpira ukija najirusha. Honi ikalia, tukapumzika, tukabadilisha upande, nikajiona mjanja, kumbe ni kama soka tu! Tukarudi, na jamani nilicheza. Mmoja niliuzuia kwa kidevu. Honi ya pili inalia sisi tunaongoza mabao manne kwa matatu. Nikatazama ubao wa matokeo, saa imefika sifuri, na pembeni imeandikwa 2 kubwa yenye taa nyekundu. Kipindi cha pili kimekwisha. Kwetu Singida kipindi cha pili kikiisha watu wanakwenda nyumbani.

Nikavua kofia. Nikavua jezi, nikaizungusha hewani. Nikavua hadi lile suruali godoro nikabaki na bukta, nikakimbia kwa mzee Pekka huku nalia, "Mzee, tumewafunga! Tumewafunga!" Kamau kuniona hivyo akaruka vile vibao vinavyozunguka uwanja, Mama Neema akaachia kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka nje barabarani, kwaya ikapokea wimbo, vijana wa kwaya wakamnyanyua mzee yeye na kiti chake wakaanza kumzungusha uwanjani. Mzee yuko juu ameshika mikono ya kiti, mdomo wazi.

Mimi nikaona si vizuri kusahau walioshindwa, nikawafuata Waswidi mmoja mmoja kuwapa mkono. "Poleni. Poleni sana. Mwakani mtashinda." Nahodha wao, dada mmoja mrefu anaitwa Ingrid, akaniangalia, akaangalia ubao, akaniangalia tena.

"Asante?" akasema, kama mtu anayeuliza njia.

Baadaye ndipo nikajua kila mtu alikuwa amepotea kivyake. Waswidi walidhani Wafini wameleta kikundi cha burudani ya mapumziko, wakatoa simu wakarekodi, wakapiga makofi. Wafini nao walidhani hiyo ni mila yetu, kwamba kwetu mechi husherehekewa katikati, na Antti akaona itakuwa ukosefu wa adabu kukatiza mila ya watu. (Nilimuuliza: kaka, hata nilipovua suruali? Akasema, "Hasa hapo.")

Mama Neema akafunua sufuria. "Kula, baba, umefanya kazi." Nikala sahani ya kwanza, akaniongeza ya pili na paja zima la kuku juu. Waswidi nao wakaja na sahani, na Wafini, wamepanga foleni kwa ustaarabu. Kamau akaniambia, "Msee, hizi nguo zako zinanuka noma. Mimi nimechelewa job, wacha nizitupe kwa gari, jioni nitazipitisha laundry."

Nikamshukuru kabisa. Vifaa vilikuwa vya yule kipa mwenye mtoto, na mimi nimelelewa kwamba cha mtu ukiazima unakirudisha kisafi. Kamau akabeba kila kitu, kofia, suruali, jezi, akaondoka.

Filimbi ikalia.

Nikaona watu wanaweka sahani chini, wanachukua fimbo, wanarudi uwanjani. Nina mfupa mdomoni. "Mama Neema, wanaenda wapi hawa?"

"Si picha ya pamoja! Kimbia, ukae katikati!"

Nikakimbia. Nikasimama katikati ya uwanja karibu na refa, kifua wazi, na bukta yangu, nikatabasamu. Nikangoja mpiga picha. Refa akanitazama kwa upole wa kutisha.

"Kipa, nenda ukavae."

"Nivae nini?"

"Kipindi cha tatu kinaanza."

Nikacheka, nikijua ni utani wa Wazungu. Nikamtazama Antti, hacheki. Nikamtazama Ingrid, hacheki. Ndugu zangu, mchezo ule una vipindi vitatu! Vitatu! Na hakuna aliyeniambia kwa sababu kwao ni kama kumwambia mtu kwamba jua litazama.

Nikampigia Kamau. "Uko wapi? Geuza gari!"

"Nageuza aje? Niko kwa highway ya Beltway, jam imesimama tu. Kwani kuna nini?"

"Mechi haijaisha!"

"Haijaisha aje na tumeshakula?"

Nikakata simu. Bila kofia huruhusiwi kukaa golini, na kipa mwingine hatuna. Wafini wakasimama wananiangalia bila kusema kitu, na jamani afadhali mtu akutukane. Nikamwona mzee Pekka pale pembeni, wiki ijayo anaondoka, na goli letu liko wazi kwa sababu ya pilau.

Aliyeniokoa ni Ingrid. Akaja na begi la kipa wao wa akiba, akanipa kofia, suruali, na jezi ya njano yenye bluu, ya Uswidi, ya mtu mwenye mabega kama kabati. Waswidi walifurahi mno kunivalisha, wengine walinifungia mikanda wenyewe. Manahodha wote wawili wakakubaliana, refa akasema sawa. Nilipopita mbele ya mzee nikiwa na ile jezi, alivuta kofia yake ikafunika macho.

Kupiga magoti na sahani mbili za pilau tumboni msijaribu. Mpira unakwenda kushoto, mimi naenda, kuku anabaki kulia. Wakasawazisha upesi, manne kwa manne. Kisha nikatulia kidogo, nikazuia mmoja, nikazuia mwingine, na saa ikawa inakimbilia mwisho, watu wamesimama, hata Wafini wamesimama. Mpira ukaja, nikaudaka kwa mikono miwili. Safi kabisa. Kipa akidaka anamrushia mwenzake, na mzee alikuwa amenifundisha pale sebuleni, usifikirie sana, mrushie mwenye rangi yako.

Nikajitazama kifuani. Njano.

Nikainua macho, nikaona jezi ya njano karibu yangu, iko peke yake, haina mtu wa kuikaba, nikasema moyoni Mungu ni mwema. Nikamrushia taratibu, kwa heshima, ukatulia mbele ya fimbo yake. Alikuwa Ingrid. Akautazama mpira, akanitazama mimi.

"Una hakika?" akaniuliza. Aliniuliza jamani!

"Nenda, dada! Nenda!"

Akaenda. Ila sikuelewa kwa nini anakuja kwangu. Nilikuwa bado nampungia mkono aende kule mbele wakati mpira ulipopita katikati ya magoti yangu, na honi ikalia, safari hii ya kweli.

Ukumbi ulikuwa kimya, hata Waswidi hawakujua washangilie au wanipe pole. Sauti moja tu ilisikika, kigelegele kirefu cha Mama Neema, ambaye aliona mimi nimevaa njano na wenye njano wamefunga, akajua tumeshinda tena.

Nilimrudisha mzee Lanham naendesha machozi yananitoka. Njia nzima hakusema neno, na kwa Mfini huwezi kujua kama amekasirika, amelala au anafurahi, uso ni ule ule. Tulipofika nyumbani nikazima gari, nikasema, "Mzee, nisamehe. Ilikuwa mechi yako ya mwisho, na mimi nikadhani imekwisha."

"Mimi nilijua haijaisha," akasema.

Nikageuka. "Ulijua? Tangu lini?"

"Eliya, nimecheza miaka arobaini. Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa juu," akasema. "Kwetu watu hawanyanyuliwi." Akatazama nje ya dirisha. "Ningesema, wangenishusha."

Nikabaki nimeshika usukani sijui nicheke au nilie zaidi, nikafanya vyote viwili, naye akaniacha nimalize, halafu akaomba chai.

Ameshaondoka sasa. Kwa binti yake kuna theluji na kimya cha kumtosha, nadhani yuko sawa. Antti aliniandikia juzi kuhusu mechi ya mwaka huu, moyo ukaruka, nikaanza tena safari yangu ya Helsinki kabla sijasoma mstari wa pili. Mstari wa pili ulisema kipa wanaye, mtoto ameshakua. Ila Wafini na Waswidi wamekaa kikao cha pamoja, kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo bila kubishana, wanaomba kwaya ije kwenye mapumziko, na pilau, na kama inawezekana mwaka huu anyanyuliwe Ingrid.

Nimemjibu tutakuja. Nitabeba sufuria mwenyewe, nitakaa na watazamaji, nguo zangu zote mwilini. Lakini naapa mbele yenu, sitampa mtu yeyote pole, wala sitafungua kifungo hata kimoja cha shati, mpaka nimwone mwenye ukumbi anazima taa na kufunga mlango kwa ufunguo. Na hata hapo nitamuuliza kwanza.