Nilivyoiongezea Kasi Kompyuta ya Dada

Ndugu wananchi wa mtandao, wapenzi wa kasi, na ninyi mlioingia humu kwa bahati mbaya: anayezungumza nanyi leo ni bingwa. Katibu wa chama cha kompyuta cha shule ya bweni. Mtu anayeweza kuifanya mashine ikimbie kuliko kiwanda kilivyokusudia.

Kwa sasa bingwa amepigwa marufuku kugusa kompyuta. Hata kikokotoo anaomba ruhusa.

Kisa chenyewe ni hiki.

Kompyuta ya dada yangu ilikuwa inakufa ikiwa kazini. Haitoi moshi, haipigi kelele, haiandiki ujumbe wowote. Kioo kinakuwa cheusi, feni zinanyamaza, basi.

Na inasubiri kazi ikaribie kuisha ndipo ife. Kama ina roho mbaya.

Dada ni mchoraji wa majengo. Anafanyia kazi nyumbani, kwenye kona ya sebule, nyuma ya pazia alilotundika ili tusimchungulie. Ofisi moja ya wasanifu ilimpa mtihani: awapelekee filamu fupi ya zahanati, jua likiingia madirishani kama la kweli. Ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikiwapendeza, wanamwajiri.

Miaka miwili dada alikuwa anachorea watu mageti na mabanda ya gari. Kazi hii aliitaka mpaka alikuwa anataja vipimo usingizini.

Shida ilikuwa hesabu ya mwanga. Kompyuta inakokotoa kila mwale wa jua kwa masaa matatu na dakika tano, na haikubali kukatizwa. Ikikatika, unaanza sifuri. Sasa hiyo mashine ilikuwa inazimika hesabu ikifika masaa mawili na dakika arobaini, siku nyingine hamsini.

Nilipofika likizo Jumanne, dada alinibebea begi.

Tangu nizaliwe hajawahi kunibebea hata kalamu. Nikajua hapa pana jambo.

Akanieleza kwamba kompyuta imezeeka, inachoka, na imekuwa hivyo muhula mzima. Akauliza kama naweza kuiharakisha, imalize kazi kabla haijachoka.

"Si ndiyo mambo mnayosomea huko, mdogo wangu?"

Hatusomei. Ila mtu amekubebea begi, utamwambiaje?

Jumatano asubuhi nikafungua mfuniko kwa taadhima ya daktari wa upasuaji. Vumbi lililotoka lingejaza mto. Juu ya prosesa, ile dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama dawa ya meno ya mwaka juzi. Nikaifuta, nikaweka mpya, kiasi cha punje moja ya njegere.

Hapa msinicheke. Nilifanya kwa adabu.

Nilichukua daftari nikaandika joto la kuanzia. Nikapandisha kasi ya prosesa megahezi mia moja, nikaitesa dakika kumi kwa programu ya majaribio, nikasoma joto, nikaandika. Nikapandisha tena. Ikipita nyuzi themanini na tano, narudi nyuma bila ubishi. Umeme wa prosesa sikuugusa, maana kasi ukiikosea mashine inagoma tu, lakini umeme ukiukosea unaiunguza.

Prosesa ilipotulia ndipo nikahamia kwenye kadi ya picha. Nikapanda hatua ndogo ndogo mpaka vidoa vya rangi vikaanza kurukaruka kwenye kioo, kisha nikarudi hatua mbili. Ukivigusa vyote kwa pamoja, kimoja kikigoma hujui umlaumu nani.

Mchana tukaanzisha hesabu. Dada akakaa upande huu, mimi upande ule, kama watu wanaongoja majibu ya hospitali.

Asilimia tisini na moja. Kioo cheusi.

Dada akainuka. Alitoka nje akaanza kugeuza nguo kwenye kamba, na nguo zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.

Alhamisi nikaamka na hasira. Nikapandisha prosesa hatua moja, ikaganda dakika ya nne. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nikapandisha nyingine, kwa kisirani tu, na safari hii haikuwaka kabisa.



Nikachomoa kile kibetri kilicho kama kifungo cha koti pale kwenye bodi, nikasubiri, nikakirudisha. Kompyuta ikawaka imesahau ujinga wangu wote, pamoja na kazi yangu yote nzuri. Nikaanza tena moja, na daftari. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu anakunjakunja ncha ya pazia. Hakujua kilichotokea, na sikuona sababu ya kumsumbua kwa maelezo.

Saa saba tukaanzisha hesabu. Nyuzi sabini na moja, feni zinaimba vizuri. Asilimia sabini na tano. Tisini. Tisini na sita. Mama naye akaja kusimama, mwiko mkononi.

Tisini na nane.

Kioo cheusi.

Jamani, nyuzi sabini na moja si homa. Hiyo ni kadi iliyokaa kivulini. Nikalaumu umeme wa mtaa. Nikalaumu kiwanda. Nikampiga mto wa kochi ngumi ambazo hakustahili. Mwisho nikamlaumu dada mwenyewe, nikamwambia jengo lake lina madirisha mengi mno, apunguze.

"Ni zahanati," alisema. "Wagonjwa wakae gizani kwa ajili yako?"

Nikabaki na njia moja, kupandisha umeme wa prosesa. Nilishafika kwenye menyu yenyewe, kidole kiko juu ya kibodi, dada akaushika mkono wangu. Akasema inatosha, amempigia fundi, anakuja kesho asubuhi. Nikamuuliza ni fundi gani huyo anayejua kuliko mimi.

"Mwenye miaka zaidi ya kumi na sita," akanijibu.

Ijumaa saa mbili kasorobo fundi akafika. Mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mkoba wa bisibisi. Nilimwamkia kwa unyonge wa mtu aliyenyang'anywa mgonjwa. Akafungua mfuniko, akamulika tochi, kisha akaomba daftari langu na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

Akauliza nani ameandika. Nikasogea mbele, kifua kwanza.

"Umefanya vizuri, kijana. Kasi ya kiasi, joto la kiasi. Mashine hii haina ugonjwa."

Nikamgeuzia dada jicho la unaona sasa. Nililiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha fundi akauliza swali ambalo bingwa hakuwahi kuliuliza: je, mmewahi kuiacha iwake bila kuipa kazi?

Dada akasema ndiyo. Jumapili iliyopita aliacha barua moja tu imefunguliwa kwenye kioo, akaenda kutembea. Aliporudi ilikuwa imezimika.

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Basi haichoki hii. Inaamriwa."

Akaketi mbele ya kibodi akafungua orodha ya mambo ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe kila ikiwashwa. Printa, saa, kinga ya virusi. Alikuwa anashuka polepole, kidole kinafuata mistari. Akasimama. Akashusha miwani.

"Kuna amri hapa. Ikishawaka, ihesabu masaa matatu, kisha ijizime bila kuuliza. Iliwekwa likizo iliyopita. Jina lake: Dada Inuka."



Fundi, kwa upole kabisa, akauliza kama humu ndani kuna mtu anaitwa Dada.

"Anayeniita hivyo duniani ni mmoja," dada akasema.

Utani wote nikauweka kando. 

Nikaeleza. Mama alikuwa ametuwekea sheria ya kumaliza ugomvi: kompyuta ikizimika, zamu imeisha, anayefuata anakaa. Dada alikuwa anakaa kutwa nzima, nami nilikuwa na michezo yangu. Kwa hiyo nikaipa mashine amri, nikacheza siku tatu kwa raha zangu, nikapanda basi la shule. Kule nikasahau kabisa.

Hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Kazi mbili nimezikataa muhula huu," alisema. "Moja ilikuwa ya shule nzima, madarasa kumi na mawili. Niliwaambia watu kompyuta yangu haiwezi."

Kisha akamuuliza fundi kama muda unatosha.

Fundi akaifuta amri kwa kidole kimoja. Saa mbili na dakika ishirini hesabu ikaanza. Dada akanivutia kigoda mbele ya kioo, akaniambia niitazame mpaka mwisho, nisiamke hata kwa maji. Masaa mawili na dakika arobaini na nane nilitazama jua likiingia zahanati. Tisini na nane. Tisini na tisa. Saa tano na dakika nane ikamaliza.

Filamu ilifika kabla ya saa sita. Juzi wamemjibu: anaanza kazi mwezi ujao.

Nikadhani mambo yameisha, nikamwambia angalau kasi niliyoongeza imesaidia. Dada akaniuliza kama ni kweli shuleni kwetu anayekosa huandika maelezo. Nikasema ni kweli.

"Basi andika. Na uyaweke palepale unapojiita bingwa."

Ndiyo haya mnayoyasoma.

Funzo, kama mnalitaka: kabla ya kuongeza kasi, tafuta kwanza kinachozuia. Nilipima joto la kila kipande kwenye mashine ile siku mbili nzima, na kizuizi kilikuwa kimeshika daftari.

Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri, kwa akili timamu, kwamba niliizima kompyuta ya dada yangu muhula mzima, akaamini chombo chake ni kibovu na kazi nzuri si za mtu kama yeye.

Nilikuwa nataka kiti tu.