Kofia ya Dada Velma na Raba za Saizi Kumi na Saba

Miguu ya Jarvion ilitangulia. Ndivyo wanavyosema watu wa Tolbert Bend mpaka leo: ilikuwa ikikata kona ya duka la nyama, unaisalimu, unapimiwa nyama yako, unarudishiwa chenji, ndipo mwenyewe anatokea. Bibi yake, Velma Dean Gaddis, alikuwa akiapa kwamba siku kijana alipobatizwa, Mto Mississippi ulipanda shubiri nzima alipoingiza mguu wa kwanza, na mchungaji akamsihi ule wa pili aubakize ukingoni, watu wa ng'ambo wasije wakafurikiwa.

Velma alimlea tangu ana miaka miwili, mama yake alipokwenda Detroit kutafuta kazi, akaipata pamoja na mume. Velma alikuwa mpiga pasi. Miaka thelathini na minane alisimama kwenye duka la dobi, akinyoosha majoho ya kwaya na suti za maziko. Gazeti lilimshinda kusoma, lakini shati alilisoma vizuri sana. Angekuambia mwenye shati alilala wapi Jumamosi, na mara nyingi alikuambia bila kuulizwa. Jumapili alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani, glavu nyeupe mikononi na kofia kichwani. Na kofia zake zilikuwa kofia kweli. Ile ya zambarau ilikuwa na ukingo ambao watoto watatu walijikinga mvua chini yake, wakatoka wakavu. Mhudumu wa mlangoni havui kofia mbele za watu. Ikishakaa asubuhi imekaa; marehemu mumewe mwenyewe aliishi naye miaka mingi kabla hajajua nywele zake zinaanzia wapi.

Kwa Jarvion alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: kumwona akicheza. Hakuwahi kukosa mechi yake hata moja, tangu kijana yuko darasa la tano na mpira unampiga usoni. Alikuwa na mto wake wa kukalia, na mahali pake, safu ya tatu, kiti cha mwisho, na gari lililojua maili kumi na mbili za kwenda na kumi na mbili za kurudi, basi; zaidi ya hapo lilikuwa likichemka. Ndege hakupanda. Alisema Mungu angetaka aende huko juu angemwita kwa jina. Na maili kumi na mbili kutoka mlangoni kwake kilikuwepo Chuo cha Larkin, chenye timu ya mpira wa kikapu na ukumbi wenye safu ya tatu. Hesabu yake ilikuwa imekwisha.

Sasa, matatizo yalianzia kwenye raba.

Jarvion alipofika miaka kumi na mmoja, hapakuwa na kiatu cha kumtosha kuanzia Tolbert Bend mpaka Memphis. Velma alichukua viatu vya kanisani vya marehemu mumewe, akavikata ncha kwa mkasi wa dobi, vidole vikatoka nje kama watoto watano dirishani. Alicheza hivyo msimu mzima. Vijana wa timu nyingine walikuwa wakimwambia, "We Jarvion, vidole vyako vimelipa kiingilio?" Naye anacheka nao, kisha nyumbani anakaa kwenye ngazi ya nyuma, hali chakula.

Ndipo akaja Royce Lattimer. Royce alizaliwa hapo hapo mjini, alicheza zamani, goti likamsaliti, na sasa alikuwa akifundisha timu ya kiangazi iliyovalishwa na kampuni ya raba ya Mwewe, ile yenye alama ya mwewe kwenye kisigino. Aliingia na boksi. Ndani yake raba mbili nyeupe, saizi kumi na tatu, kila moja ungeweza kuvukia mto. Jarvion alizivaa akalala nazo. Velma aliona vidole vya mjukuu wake vimeingia ndani kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, akageukia jiko asije Royce akamwona uso.

Alimpa sahani: kambare wa kukaanga, mboga za majani zilizopikwa na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi. Na kwa watu wa pale sahani hairudi tupu. Royce aliirudisha na boksi la raba nyingine. Velma akaijaza tena pai ya pichi. Ikarudi na mfuko wa michezo. Miaka sita sahani ile ilikwenda na kurudi, miguu ikipanda saizi, kumi na nne, kumi na tano, mpaka kumi na saba, na hakuna mtu aliyetia sahihi karatasi yoyote. Siku hizo zote Velma aliamini amepata ndugu. Na kweli alikuwa amempata.

Mwaka wa mwisho wa sekondari, vyuo vikaanza kuja. Kocha wa Larkin, Harlan Tibbs, alikuja mwenyewe, akala kambare mpaka akalegeza mkanda, akamwambia, "Mama Gaddis, safu ya tatu nitaiandika jina lako." Velma akamwongezea mkate. Ilikuwa Jumamosi, na Royce naye akapita kurudisha sahani. Walisalimiana vizuri, wakauliziana wazazi. Lakini Velma aliyazoea macho ya watu wanaoleta nguo zenye madoa, na aliona Royce alikotazama. Alitazama chini. Kocha Tibbs alikuwa amevaa raba zenye jani la kijani ubavuni. Larkin ilivalishwa na kampuni ya Jani, washindani wa Mwewe.

Tibbs alipoondoka, Velma akamkalisha Royce mezani.

"Royce, nikuulize kitu, na usinizungushe kama mbwa anayetafuta pa kulala."

"Uliza, Mama Velma."

"Mtoto akienda Larkin itakuwaje?"

"Haiwi kitu. Larkin ni chuo kizuri." Akakata kipande cha pai, asikile. "Ila wale wana viatu vyao."

"Miguu ni ya Jarvion."

"Ni yake, mama. Nani amesema si yake?"

"Uso wako."

Royce akaweka uma. "Mimi simlazimishi mtoto wa mtu. Sijawahi. Ila na mimi nina mkubwa wangu, naye ana wake. Kila kiangazi wananiuliza, vijana wako wakubwa wamekwenda wapi? Wakienda vyuo vya Mwewe, maboksi yanakuja. Mwaka ule kijana wangu Terrell alipokwenda kwa watu wa Jani, yalikuja nusu. Hakuna aliyesema kitu. Yalikuja tu nusu."

"Maboksi ya nani?"

"Ya wale wadogo."

Wadogo walikuwa arobaini. Velma aliwajua wote, kwa sababu aliwafungulia mlango wa kanisa kila Jumapili na kuwatoa chingamu mdomoni. Aliketi akatafuta mtu wa kumkasirikia, akaanzia kwa Royce, akamkuta anakula pai taratibu kama mtu anayemeza dawa. Hakuweza kumfukuza. Unamfukuzaje mtu aliyemvisha mtoto wako?

Akajaribu kwa Jarvion mwenyewe. Alimpata uani anatundika shuka, maana hakuhitaji kunyoosha mikono kufikia kamba.

"Moyo wako unataka wapi?"

"Bibi, mimi popote nitacheza."

"Sikuuliza utacheza wapi. Hata mbwa anacheza."

Kijana akabana kibanio, akakibandua, akakibana tena. "Larkin pazuri. Nakuona pale kila mechi, umekaa na mto wako, unamtukana mwamuzi."

"Sijawahi kutukana. Namwombea kwa sauti."

Akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Lakini nikienda Larkin, Bibi, yule Pooh ataniuliza raba zake ziko wapi. Nitamwambia nini? Mimi nilikuwa na vidole nje. Najua."

Pooh alikuwa kitukuu wa Ocie Lee Pettway, mhudumu mwenzake Velma, mlango wa kushoto. Ana miaka kumi, na miguu imeanza kumtangulia.

Jumapili ile Ocie Lee alimvuta pembeni, glavu nyeupe juu ya glavu nyeupe. "Dada Velma, sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Nasema tu Bellmoor ni chuo kikubwa. Kule Oregon. Wana Mwewe mpaka kwenye taulo."

"Oregon ni mbali kiasi kwamba kuku wao wanalala sisi tukiamka."

"Wana televisheni, dada. Utamwona."

"Televisheni haina safu ya tatu, Ocie Lee."

"Haina," alisema Ocie Lee, na akamfuta kitu begani ambacho hakikuwepo. Velma aliona tangu siku hiyo watu wanamsalimu kwa upole, kama msiba umeshatokea na yeye ndiye hajaambiwa. Hata mchungaji alihubiri habari za Ibrahimu na mwanawe mlimani, akakwepa kutazama mlango wa kulia, aliposimama Velma.

Basi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alifanya la kijinga.

Siku ya Jarvion kutangaza chuo chake, shule ilijaza ukumbi. Kama ilivyo desturi, meza ilipangwa chepeo, moja kwa kila chuo, kijana achague na kuvaa mbele ya wapiga picha. Ya kijani ya Larkin, nyekundu ya Bellmoor, na ya bluu ya chuo kingine cha Mwewe ambacho hakuna aliyekumbuka jina lake. Velma alifika mapema kuliko mfagiaji, na kitambaa cha meza alichokipiga pasi mwenyewe, kimenyooka kiasi kwamba nzi aliyetua aliteleza. Alikitandika. Alipomaliza kukitandika, mezani ilikuwa imebaki chepeo ya kijani peke yake, na kofia yake ya zambarau ilikuwa imepanda juu vidole vinne kuliko kawaida.

Alikaa safu ya tatu, kiti cha mwisho. Ocie Lee akamtazama kichwani. "Dada, leo umejitahidi."

"Ni nywele."

Jarvion akaingia amevaa suti aliyoinyoosha bibi yake, Royce nyuma yake. Akaketi. Akatazama meza. Mkuu wa shule akainama chini ya kitambaa, akainuka, akamtazama Royce. Royce akapapasa mifuko kama mtu aliyepoteza ufunguo. Wapiga picha wakashusha mashine zao. Pooh, aliyekaa sakafuni mbele na raba zake nyeupe zimenyooshwa wazi kila mtu azione, akauliza kwa sauti, "Zingine zimeliwa?" na ukumbi mzima ukacheka.

Velma hakugeuza shingo. Kwa kweli hakuweza, chepeo zingeanguka. Aliwaza, mtoto ana moja tu mbele yake. Avae moja. Mtu akikuta sahani moja mezani si hula iliyopo? Na kwa muda, Jarvion aliweka mkono juu ya ile ya kijani. Aliishika ukingo, akaipangusa kwa kidole gumba. Velma aliona, na hadithi hii ingeishia hapo vizuri sana.

Kisha kijana akainua macho mpaka safu ya tatu, mpaka kwenye kofia, na akajua. Aliinuka. Akashuka jukwaani kwa hatua nne, mtu mwingine angehitaji kumi na moja, akapita mbele ya Pooh akiangalia asimkanyage, akapiga magoti mbele ya bibi yake. Hata akipiga magoti walilingana macho.

"Bibi," alisema polepole, wao wawili tu wasikie, na Ocie Lee. "Nisaidie."

"Nikusaidie nini? Iliyopo ipo mezani."

"Ningeichukua hiyo kama ingekuwa mimi peke yangu."

"Wewe uko peke yako. Ndiyo maana nipo mimi."

Jarvion alikuwa na kidevu kile kile cha siku za ngazi ya nyuma. Velma alimtafuta Royce kwa macho amkasirikie tena, akamkuta anatazama sakafu. Akamtazama Pooh, akaona raba. Hapakuwa na mtu mle ndani wa kupigana naye. Wote walikuwa watu wake.

Ndipo Velma Dean Gaddis, mhudumu wa mlangoni miaka ishirini na sita, alipoinua mikono yote miwili akavua kofia mbele za watu. Nywele zilikuwa nyeupe na chache, zimelala. Ya bluu ikadondoka sakafuni, hakuna aliyeiokota. Ile nyekundu ilibaki ndani ya kofia. Akaitoa mwenyewe, akaikunjua ukingo ulioharibika, akaunyoosha kwa kiganja mara mbili kama anavyonyoosha kola ya maiti, akamvalisha mjukuu wake.

Watu walipiga makofi mpaka vioo vikatikisika. Ocie Lee akavua glavu yake moja akamfunika utosi kwayo, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Jarvion alikwenda Bellmoor mwezi wa Agosti. Maboksi yalikuja yote, na moja zaidi. Velma alimwona kwenye televisheni, mtu mdogo kama kidole, na mtangazaji alilikosea jina lake.

Mwaka uliofuata mkataba wa Larkin na kampuni ya Jani uliisha, na chuo kikatia sahihi na Mwewe. Royce ndiye aliyemletea habari, na sahani mkononi. Alisimama mlangoni.

"Mwaka mmoja tu, Mama Velma."

"Nimesikia."

"Hakuna aliyejua."

"Ingia, pai inapoa."

Msimu ulipofunguliwa, Velma aliendesha zile maili kumi na mbili, akakaa safu ya tatu, kiti cha mwisho, kiti kilichokuwa na jina lake, maana Kocha Tibbs alikuwa mtu wa kutimiza neno. Alikalia mto wake. Vijana wa watu wengine walitoka mbio uwanjani, na kila kisigino kilikuwa na mwewe. Alitazama miguu yao mmoja baada ya mwingine, mpaka filimbi ilipolia. Ilikuwa miguu midogo.