Video Nilizomtengenezea Kakangu

Uzuri wa kuhariri video kwa simu ni kwamba huhitaji kompyuta wala fundi. Nalala ubavu kwenye kochi letu hapa Mtopanga, kidole gumba kinakata, kinaunga, kinang'arisha uso, na chai bado haijapoa. Nilijifunza kwa ajili ya kuuza madera mtandaoni. Ubaya wake, simu hupata moto kama pasi na nafasi hujaa upesi. Huo ndio ubaya niliokuwa naujua.

Kakangu mkubwa ni dereva Uarabuni. Mama alipoanza kusahau, akaniambia, "Nirekodie mama kila Ijumaa. Nikiona hali si nzuri, kazi naiacha, naja angali ananijua."

Nikarekodi. Ijumaa moja nikamwita, "Mama!" Akaitika, "Abee!" mbio mbio, kama mtoto aliyekosa. Jamani, tangu lini mama mzazi akamwitikia bintiye abee? Abee ni ya mdogo kwa mkubwa. Alinidhani mimi ni mamake, marehemu bibi. Moyo ulinipasuka. Kisha nikachukua simu, nikakikata kile kipande.

Nikaonja utamu. Ijumaa iliyofuata nikakata alipouliza choo kiko wapi, na nyumba kaijenga mwenyewe. Nikakata anavyonyamaza katikati ya neno. Kakangu akawa anajibu, "Mashallah, mama amenawiri! Wallahi dadangu unamtunza, Mungu akulipe." Nami, mja wa Mungu, nikivimba kichwa kwa sifa ile. Tena niliogopa: akijua, si atasema mama kaharibikia mikononi mwangu? Basi kila alipouliza, "Nije?" nilimjibu kwa video.

Hata mama alipoacha kabisa kumtaja, sikukosa la kufanya. Nilitafuta video ya zamani, mama akimwita kakangu kwa jina lake la utotoni, nikainyofoa ile sauti nikaibandika kwenye video mpya. Kwenye kioo kidogo cha simu hungejua. Kakangu alilia kwa furaha, akaongeza mkataba wa kazi.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi uliopita alipata likizo. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege, na njia nzima hadi nyumbani anaeleza vile mama atakavyomwita. Nilitamani nimwambie, nikajifanya nahesabu nauli.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Kwenu ni wapi?"

Akanigeukia. "Lakini juzi tu ameniita jina!"

"Nilibandika," nikasema. "Nilikuwa nakata, nabandika. Nisamehe, kakangu."

Afadhali angenitukana, angenizaba kofi hata, ningejua nimelipa kidogo. Alitoa simu yake mfukoni akamwekea mama ile video, labda ingemzindua. Mama akaishika kwa mikono miwili, akamtazama yule mwanamke aliye ndani akiita lile jina. Ilipokwisha akaiwasha tena kwa kidole, sijui alijuaje. Kisha akatutazama sisi wawili, machozi yanamlengalenga.

"Maskini, mama wa watu," akasema. "Anamwita mwanawe. Mbona huyo mwana haendi?"