Cheo Mgongoni mwa Mdogo Wangu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Hapa kwetu Butembo, anayejidai haogopi kitu ama amelewa, ama ana tiketi ya ndege mfukoni na yuko njiani kwenda uwanja wa ndege wa Rughenda. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba mwimbaji wetu amebadilisha jina, wenzangu wengine walilia, wengine walicheka, na mimi nilifunga mlango kwa komeo.

Mwimbaji huyo ni mtoto wa kwetu kabisa. Wazazi wake wanalima viazi Masereka, na yeye alianza kuimba akiwa amepanda juu ya magunia ya viazi hivyo, garini, akiyasindikiza mjini. Tulimpenda kwa sababu aliimba mambo tunayoyajua: barabara mbovu, mvua, watu walioacha mashamba yao upande wa Mabalako na kuja kulala kwa ndugu zao. Kisha akasaini mkataba na lebo moja ya muziki ya mbali, na lebo ilipokosana naye ikasema jina ni mali yake. Aende zake na sauti yake, lakini jina linabaki. Jumapili moja, watu wakitoka misa, ikaingia audio kwenye simu za watu wote: jina la zamani msiniite tena, kuanzia leo naitwa hivi. Na hilo jipya lilianza na neno Jenerali.

Najua, mahali pengine mwanamuziki anaweza kujiita jenerali, rais, hata mfalme wa dunia nzima, na watu wakapiga makofi. Kwetu ni jambo lingine. Kwetu kijana akipata cheo kabla ya kupata kazi, maana yake ameingia porini. Kwanza hapatikani nyumbani. Halafu mama yake anaacha kumtaja sokoni. Halafu unasikia kwamba yule aliyebatizwa hapa parokiani sasa anaitwa jenerali fulani, na ana watu nyuma yake wenye bunduki. Tumeliona hilo mara nyingi mno. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyeuliza lebo imemfanyia nini mwimbaji. Swali lilikuwa moja tu, na liliulizwa kwa sauti ya chini: ameingia porini?

Hakuwa ameingia porini. Alikuwa amekasirika tu, akachagua jina la mtu aliyekasirika. Lakini mashabiki wake waligawanyika, na mgawanyiko wenyewe ulifanyika mbele ya cherehani yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawashonea majina mgongoni. Wa upande wa jina jipya waliniletea mashati nifumue la zamani. Nilifumua, na vitundu vya sindano vikabaki kwenye kitambaa, jina linasomeka vile vile. Wa upande wa zamani walikataa kabisa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mjane, muuza samaki wa ziwani, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mteja wa soko la pili. Mume wake aliuawa shambani na watu ambao mkubwa wao alikuwa na cheo cha namna hiyo hiyo.

"Mimi ile jina hapana itoke mu kinywa yangu," aliniambia. "Hata banikate shingo."

Upande wa jina jipya uliongozwa na mdogo wangu.

Huyo nilimlea mimi mwenyewe, dada yake mkubwa, yaya kama tunavyosema hapa, baada ya wazazi kuondoka duniani. Ni motari, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki, ana mdomo mwingi na moyo mwepesi, na alimpenda mwimbaji yule kuliko anavyopenda kula. Mwimbaji akikohoa, yeye anatafuta dawa. Mama muuza samaki akimwona anapita sokoni humwita "mutoto wa pori" mbele ya watu, naye humjibu kwa heshima zote, "Shikamoo mama ya lebo," halafu anatia gia na kukimbia.

Tamasha la kwanza la jina jipya lilipangwa kufanyika Beni, Jumamosi saa nane mchana, maana siku hizi muziki wetu unachezwa jua likiwa juu ili kila mtu awahi kufika kwake. Ijumaa mdogo wangu akaja na shati jeupe.

"Yaya, uweke yote," alisema. "Ni yeye mwenyewe alichagula ile jina."

"Nitaweka ile ya nyuma. Jenerali hapana ipite mu mashini yangu."

"Mais lakini yaya, ni muziki tu! Kila mutu anajua."

"Kila mutu wa kwetu. Basoda ba ku barabara ni batu ba mbali. Bakikuuliza uko jenerali wa nani, utabaimbia?"

Alicheka, kana kwamba basoda si askari wenye bunduki. Nilimshonea nusu ile ya pili kwa uzi wa bluu, nikaipiga pasi, nikamwambia ashukuru. Nilidhani nimeshinda. Jumamosi asubuhi alinipungia mkono mlangoni, akawasha pikipiki, na alipogeuka ndipo nilipouona mgongo wake. Alikuwa amempelekea shati yule kijana anayeandika namba kwenye pikipiki za watu, naye akamwandikia cheo kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, juu ya uzi wangu. Nilipiga kelele. Kelele za pikipiki zilikuwa kubwa zaidi.

Siku hiyo sikushona kitu cha maana. Nilikata mkono wa blauzi ya mteja mahali pasipokatwa, nikaiweka chini, nikakaa roho juu, simu mapajani. Barabara ya Beni ninaijua. Kila mtu wa hapa anajua ni wapi dereva anakanyaga mafuta bila kuambiwa, na ni wapi abiria wanaacha kuongea. Tangu jimbo letu liwe chini ya wanajeshi, kuna bariere nyingi, vizuizi vya barabarani, na kila bariere ina watu waliochoka, wanaoogopa msitu ulio nyuma yao kama sisi tunavyouogopa. Mtu anayeogopa na ana bunduki, mimi simtanii.

Simu ililia kabla ya saa sita. Alikuwa motari mwenzake.

"Yaya, usilie kwanza. Mudogo yako bamemukamata ku bariere. Iko muzima. Mais bako namuuliza maulizo mingi. Kuya mbio."

Nilisimama, nikasahau hata viatu. Sijui nani alipeleka habari sokoni. Ninachojua ni kwamba nilipotoka nje nikitafuta pikipiki ya kukodi, mama muuza samaki alikuwa tayari amekaa nyuma ya moja, na nyingine ameisimamisha kwa ajili yangu. Alikuwa amevaa shati lake la jina la zamani juu ya kitenge, bado ananuka samaki.

"Usiniangalie vile," alisema. "Vala viatu, tuende."

Njiani nilisali rozari bila rozari, nikihesabu kwa vidole, nikikosea na kuanza upya. Tulipita gari lililoungua siku nyingi, limeota majani madirishani. Dereva wangu akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Mdogo wangu alikuwa ameketi chini, kando ya kibanda cha askari, kifua wazi, bila viatu. Pikipiki yake ilikuwa imelazwa ubavu. Shati lilikuwa mikononi mwa sajenti, amelikunjua kabisa, kama mtu anayepima kitambaa cha kununua. Nilitaka kumkimbilia mdogo wangu, askari mmoja akaninyooshea mkono nisimame.

Sajenti alikuwa akiuliza kwa Kilingala, "Kombo na yo nani?" Mdogo wangu akataja jina lake. Sajenti akapiga goti lake kwa kiganja.

"Leo tu batu mingi bamenipa jina hiyo hiyo! Bote munaitwa vile? Sema ya kweli."

"Ni jina ya mutoto mwanaume wa tatu, chef. Kwetu kila nyumba iko naye."

Ndivyo ilivyo. Sisi tunapewa majina kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, na hakuna mtu hapa anayeona ajabu. Lakini siku ile niliisikia desturi yetu kwa masikio ya mtu wa mbali, na niliona jinsi inavyofanana na uongo.

Askari mmoja kijana alinieleza yaliyopita. Mdogo wangu alisema jenerali wa kwenye shati ni mwimbaji. Wakamwambia aimbe wimbo wake. Akaimba. Kwa bahati mbaya askari kijana aliujua wimbo huo, aliupenda hata, na akasema wazi kwamba ni wa mwingine, akataja jina la zamani. Mdogo wangu akaapa kwamba ni huyo huyo, amebadilisha jina, nao wakaona ni uongo juu ya uongo.

"Mama," sajenti aliniuliza, na hakuwa mkali, hilo ndilo lililonitisha, "mutu iko na jina muzuri, inajulikana mpaka Kinshasa. Anaitupa juu ya nini, kama hapana kujificha?"

Nilimweleza habari za lebo. Nilimweleza kwamba jina limebaki kwa wenye mkataba.

"Jina inauzwaka?" aliuliza, akawageukia wenzake, nao wakatikisa kichwa.

Nikaona hakuna njia ila mwimbaji mwenyewe. Namba yake nilikuwa nayo, nimewahi kumshonea suti ya jukwaani. Nilisogea pembeni nikampigia. Alikuwa Beni tayari. Nilisikia ngoma zikijaribiwa nyuma yake. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Nilimwomba aongee na sajenti, aseme tu kwamba yeye ndiye yule wa zamani na yeye ndiye huyu wa sasa.

Alifunga mlango, ngoma zikapungua. Halafu akasema polepole, "Mama, mimi kwa sasa sina jina. Ile ya zamani, nikiisema mbele ya batu, avoka ya lebo, ule mutu wa sheria, atanishitaki. Ile ya mupya njo imefungisha mutoto yenu. Unataka niambie basoda mimi ni nani?"

"Sema ile mama yako alikupa!"

"Mungu atamusaidia," alisema, akakata.

Nilimtukana simu ikiwa imekatika. Nilimtukana yeye, lebo yake, na viazi vilivyomlisha. Lakini nilikuwa nimesikia woga katika sauti yake, nami niliujua, kwa sababu ulikuwa kama wangu. Sajenti aliniuliza kwa macho kama mwimbaji ataongea naye. Nikatikisa kichwa. Akamwita askari, akamwambia aliyekamatwa apelekwe kwa wakubwa, mjini. Nikaona mdogo wangu anainuliwa kwa kwapa. Waliokwenda kwa wakubwa wengine walirudi, wengine hatujui.

Ndipo mama muuza samaki alipovua shati lake hapo hapo, akabaki na blauzi na kitenge. Akalichukua la mdogo wangu mikononi mwa sajenti bila kuomba, akayatandika yote mawili juu ya benchi la askari, migongo juu.

"Chef," alisema, "hii na hii ni mutu mumoya."

Alitaja jina la zamani. Kisha akafungua kinywa kutaja jipya, na halikutoka. Akajaribu tena, na akalitaja lote, cheo na kila kitu, kwa sauti ile ile ya sokoni, mpaka abiria waliokuwa wakingoja wakageuka.

"Bwana yangu aliuliwa na mutu mwenye cheo kama ile," akaendelea. "Kama huyu kijana angekuwa wa bale, ni mi njo ningemuleta kwako, kwa mikono yangu. Huyu ni mupumbafu tu. Anapenda muziki."

Sajenti aliyaangalia mashati, akamwangalia yule mama muda mrefu, akamwangalia mdogo wangu. Mwisho akasema tumpeleke nyumbani na shati la cheo linabaki. Mama akaomba maji kwa muuza ndizi wa kando ya barabara, akasukutua kinywa, akatema, akasukutua tena. Sikuthubutu kumshukuru wakati ule.

Tulirudi, yeye mbele na motari wake, mimi nyuma ya mdogo wangu kwenye pikipiki yake. Baridi ya huku kwetu haina huruma na mtu asiye na shati, nikamfunika kitenge changu cha juu. Niliamua kumwonea huruma. Nilisema karibu na sikio lake, "Nilipigia mwimbaji yako. Network ilikatika."

Tulipanda kilima chote. Kwenye mteremko alipunguza mwendo.

"Hata mi niliambia basoda vile vile," alisema.

"Ulibaambia nini?"

"Ati network ilikatika. Balinipa simu, yaya, kabla ufike. Nilimuita mwimbaji. Alijibu. Nilimwambia jina yangu, na ya papa, na ile siku nilimubeba bure mpaka Masereka." Akabadilisha gia. "Alisema hanijue."

Mgongo wake ulikuwa ukitetemeka chini ya kitenge changu, nami nikamshika kwa mikono yote miwili, nikiogopa hasira itakayofuata kuliko nilivyoogopa kule bariere.